Maji Yalikuwepo

Mwanamke aliyeanza kuwapelekea maji wanyama wa porini katika ranchi yetu alikuwa muuza nyama. Tulimwita Mama Bucha. Bucha lake lilikuwa mwisho wa mstari wa maduka, baada ya fundi viatu na duka la vifaa vya ujenzi: chumba kimoja chenye vigae vyeupe mpaka usawa wa kiuno, dirisha la wavu, gogo la kukatia lililolika katikati likawa kama bakuli, na mizani ya kuning'iniza ambayo ilibidi igongwe kidogo kabla mshale haujatulia. Alikuwa mpana wa mabega na mwepesi wa kuamua. Akishaamua jambo, kumrudisha nyuma ilikuwa kazi.

Wifi yake tulimwita Redio. Alikuwa mjane wa kaka yake Mama Bucha, na aliishi ranchini kwenyewe, mbali na maduka, akichunga ng'ombe alioachiwa na marehemu. Jina alipewa kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Aliongea akikamua, aliongea akinywesha, na hata akiwa peke yake ungemsikia anawasuta ndama wake kwa majina. Wifi hawa wawili walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, na kuzidi. Walikuwa wamemzika mtu mmoja, na hakuna kati yao aliyekuwa na mwingine wa kukaa naye na kumkumbuka bila kuona haya.

Ranchi yetu ni nchi kavu. Kila familia ina boma lake na mifugo yake, lakini malisho ni ya wote. Katikati kuna kisima kirefu chenye pampu ya sola. Upande wa magharibi kuna uwanda mpana wa nyasi ndefu usio na tone la maji, na huo ndio tuliouita akiba. Ng'ombe hawakupelekwa huko mpaka kiangazi kibane kabisa, maana kwenda kulisha na kurudi kunywesha kuliwachosha watu na mifugo. Wanyama wa porini nao walikaa huko wakati wa mvua, na madimbwi yakikauka walishika njia ya kwenda mtoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini zile nyasi zilikuwa zinadumu. Tulizikuta zipo, tukaona ndivyo ilivyo.

Sasa, kulikuja mwaka ambao bwawa la zamani lililo karibu na boma la Redio lilibaki tope. Mama Bucha alikuwa anakwenda kwa wifi yake na pikapu, kuchukua ng'ombe wa kuchinja, akakuta pundamilia wamenasa humo. Wengine walikuwa wameshakufa. Mmoja alikuwa bado anainua kichwa, na mtoto wake amesimama pembeni, kwenye udongo mkavu, anatazama. Mama Bucha alimwita Redio, wakafunga kamba, wakavuta kwa gari. Walimtoa, lakini hakuwahi kusimama. Siku hiyo Mama Bucha alirudi bila ng'ombe, na waliotaka nyama walikuta dirisha limefungwa.

Kesho yake alirudi bwawani na mapipa ya maji nyuma ya pikapu. Alikata pipa moja kwa urefu, akalifukia kidogo lisitikisike, akalijaza. Redio alimsaidia huku akimcheka. Alisema hajapata kuona mtu anayewanywesha wanyama kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto anakupimia kilo mbili bila mfupa. Mama Bucha alimjibu kwamba hawa hawanunui nyama yake na yeye hauzi nyama yao, kwa hiyo hawana ugomvi.

Tulicheka sana siku zile. Lakini kumwona mtu anabeba maji wiki baada ya wiki kwa mafuta yake mwenyewe kunakuingia. Wa kwanza kujiunga alikuwa fundi wa kuchomelea, aliyetoa mapipa yake yote mabovu. Wakafuata wengine. Tukaunda kamati, Mama Bucha akawa mwenyekiti bila hata kuulizwa. Tukakata seng'enge mahali twiga walipokuwa wananasa. Tukaacha kuwafukuza kwa mbwa swala waliokuja kunywa kisimani. Kisha likaja lile wazo kubwa, na lilikuwa la Mama Bucha mwenyewe: tuvute bomba kutoka kisimani mpaka akiba, tujenge mabirika ya saruji huko, wanyama wapate maji mwaka mzima, mbali na mifugo na mbali na watu.

Tulichimba mtaro kwa mikono. Wanaume, wanawake, wazee, kila mtu na jembe lake. Redio alikuwa anatangulia mbele ya mtaro akitangaza uchimbaji kama mtu anayetangaza mpira, nani ana kasi, nani amejificha nyuma ya kichaka, nani ameshika jembe kama kijiko cha chai. Siku maji yalipofika birika la mwisho, watu wazima walinawa nyuso kama watoto. Sijaona tena ranchi yetu ikiwa na umoja ule.

Na wanyama walikuja. Walikuja kongoni, pofu, pundamilia, ngiri na vitoto vyao nyuma. Wakaja pia wageni wa kuwatazama, wakaja na watu wa magazeti. Ranchi nyingine zikatuma wajumbe kuuliza tulifanyaje. Picha ya Mama Bucha amesimama kando ya birika iliwekwa kwenye fremu, akaitundika buchani juu ya mizani. Wateja walipenda kuitazama wakisubiri, naye alipenda watazame.

Kiangazi cha kwanza kilipita vizuri. Wanyama hawakwenda mtoni, walibaki. Kiangazi cha pili walibaki tena, na walikuwa wameongezeka.

Aliyeona tofauti ni Redio, kwa kuwa boma lake lilikuwa linapakana na akiba. Aliisema kwenye mkutano wa kamati, lakini aliisema kama alivyosema kila kitu. Alisema pundamilia wamekuwa kama wapangaji wasiohama, wanakula mpaka zulia. Alisema karibuni wataanza kudai mlango na dirisha. Watu walicheka. Mama Bucha alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaendelea na habari ya wageni waliokuwa wanakuja. Redio alikaa chini. Wale waliokuwa jirani naye wanasema yeye hakucheka.

Siku chache baadaye alikwenda buchani mchana, saa ambayo wateja ni wachache. Kilichotokea humo tulikisikia baadaye kutoka kwa Mama Bucha mwenyewe, na hakujipendelea. Anasema alikuwa analisugua gogo kwa chumvi na maji ya moto. Redio aliingia, akakaa kwenye benchi la wateja, kapu lake mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwao, alimsalimia wifi yake bila utani.

Alimwambia, "Wifi, leo nisikilize, sitanii. Tufunge yale maji ya akiba. Tuyafunge mpaka mvua zirudi."

Mama Bucha aliuliza kama anamaanisha kuwanyima wanyama maji katikati ya kiangazi.

"Wakikosa maji wataondoka, kama walivyokuwa wanaondoka zamani. Wakiyapata hawaondoki, wanakula palepale. Naona ardhi mahali ambapo sijawahi kuona ardhi."

"Na watakaokufa njiani?"

Redio alisema hajui. Labda wapo watakaokufa. Alisema hata hilo analolisema hana hakika nalo, ni macho yake tu yanamsumbua. Akaomba jambo moja, kwamba Mama Bucha achukue pikapu waende wote wawili wakaangalie, hata sasa hivi.

Haikuwa safari ndefu. Mama Bucha alikuwa na mafuta, na nyama ya siku ile ilikuwa karibu kwisha. Lakini wiki iliyokuwa inakuja alikuwa anatarajia wajumbe kutoka ranchi za mbali, wanakuja kujifunza. Alijiona amesimama mbele yao kwenye mabirika makavu, anaeleza kwa nini. Anasema ilimpanda hasira ambayo hata hakujua inatoka wapi.

"Sema tu unalilia nyasi za ng'ombe wako," alimwambia. "Kaka yangu angekuwa hai, ungeona aibu kutamka haya mbele yake."

Mama Bucha alikuwa ameshamfungia nyama kwenye gazeti, kama alivyomfungia kila alipokuja. Redio alisimama, akatia kapu mkononi, akatoka, na ile nyama ikabaki juu ya gogo.

Tangu siku hiyo hakuja kwenye kamati. Akikutana nasi alisalimia vizuri, aliuliza habari za nyumbani, akapita. Tulisema pengine anaumwa. Kusema kweli tulikosa kelele zake kuliko tulivyomkosa yeye, na hakuna aliyefunga safari kwenda kumuuliza.

Mvua za mwaka uliofuata hazikunyesha. Zilikuja zikatia vumbi matone, zikaenda zao. Kiangazi kilipobana, tulihamisha ng'ombe kwenda akiba kama walivyofanya baba zetu, tukakuta hakuna akiba. Kuzunguka kila birika ardhi ilikuwa wazi, imepondwa kwa kwato ikawa unga, na uwazi huo uliendelea mpaka macho yalipochoka. Mabirika yalikuwa yamejaa, maji masafi, yanametameta. Kando yake wanyama walikuwa wamelala chini, na wengi wao hawakuwa wamelala.

Kwanza tulidhani ni sumu. Tuliyamwaga maji yote, tukasugua mabirika kwa brashi, tukayajaza upya. Waliendelea kufa. Ndipo tukamwita daktari wa mifugo, akaja na buti zake na visu vyake, akapasua mzoga wa kongoni mbele yetu. Tumboni mlikuwa na vijiti, mchanga, na kipande cha gunia.

"Maji hayana kosa," alisema. "Hawa wamekufa kwa njaa."

Akatueleza taratibu, bila kutulaumu. Mnyama akishazoea maji ya mahali hawezi kwenda mbali nayo, lazima arudi kunywa. Wamekula kila kilichokuwa ndani ya mwendo wa kwenda na kurudi, wakamaliza, na sasa nguvu za kwenda zaidi hawana. Wale wadogo waliozaliwa hapa hawajapata hata kufundishwa njia ya mtoni. Mama Bucha alikuwa amesimama kando yake. Alimuuliza kama ingesaidia maji yale yangefungwa mwaka uliopita. Daktari, asiyejua lolote, alisema ingesaidia sana.

Mama Bucha alikwenda akakaa ndani ya pikapu, mlango wazi, miguu nje. Hakulia. Tulipomaliza kuvuta mizoga mbali na maji, tulimkuta amekaa vilevile.

Kuyafunga wakati ule hakukuwa na maana tena, waliobaki wasingefika popote. Tuliwaletea majani ya kununua na mabua ya kuombaomba. Tuliokoa wachache. Mifugo yetu nayo ilikwisha hivyohivyo, na aliyeumia kuliko wote alikuwa Redio, kwa sababu boma lake halikuwa na malisho mengine zaidi ya akiba. Ng'ombe wake wengi walianguka. Waliobaki angeweza kumpelekea wifi yake, ambaye angewachukua hata wakiwa mifupa mitupu. Aliwauza kwa mchuuzi wa mbali aliyekuwa anapita na lori.

Lori lile lilipita mbele ya bucha. Mama Bucha alikuwa anampimia mteja, akainua macho, akaona ubavuni mwa ng'ombe aliyeegemea mbao ile alama ya kaka yake, aliyokuwa anaichoma mwenyewe kwa chuma. Alitoka nje na kisu mkononi. Lori lilikuwa limeshakata kona. Mteja anasema alirudi ndani, akamalizia kupima, akamzidishia nyama bila kuangalia mshale.

Alipofika kwa Redio siku ya pili alikuta mlango umefungwa kwa waya. Redio alikuwa amekwenda mjini kwa binti yake.

Mama Bucha alichelewa kumfuata. Alikuwa anasema gari bovu, halafu anasema kazi, halafu mvua zikaja, nzito, akasema barabara mbaya. Mwishowe alikwenda. Binti anaishi orofa ya pili, kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye ukumbi mrefu uliojaa ndoo na majiko. Alimkuta Redio amekaa kwenye kigoda mlangoni anakunja nguo za wajukuu. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha, akampa kiti, akamletea chai, na akaendelea kukunja.

Mama Bucha alisema alichokwenda kusema. Alisema alimtukana kwa jina la marehemu, na marehemu hakuwa na haki ya kuingizwa humo. Alisema wifi yake alimwomba waende tu wakaangalie, naye akakataa kwa sababu ya picha ukutani. Alimwomba msamaha. Halafu akamwomba arudi, boma lake bado lipo, kamati yote inamtaka, yeye mwenyewe yuko tayari kumwachia kiti.

Redio alinyoosha shati dogo mapajani, akalikunja mara mbili.

"Nilikusamehe zamani, wifi. Usije ukalala na hilo," alisema. "Nami nina langu. Nilikuwa nimezoea kuwachekesha. Siku niliyotaka mnisikie, sikujua nisemeje. Ningepiga kelele. Ningelala mlangoni kwako. Nilijinyamazia kwa sababu uliniudhi, na wale wanyama hawakuniudhi."

"Basi rudi."

"Nirudi nikachunge nini?"

Mama Bucha alitaka kusema atamnunulia ng'ombe, akaona jinsi litakavyosikika, akachukua nguo moja kwenye rundo. Walikunja nguo pamoja mpaka zikaisha. Wajukuu walirudi kutoka shuleni, chumba kikajaa, ikabidi mgeni aage. Redio alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Mama Bucha anasema alikuwa anangoja utani mmoja tu, hata wa kumkejeli. Redio alimwambia ashuke polepole, ngazi zina utelezi.

Mama Bucha aliporudi aliitisha mkutano. Alisimama akatueleza habari yote ya siku ile buchani, neno kwa neno, nasi tukainamisha vichwa, maana kila mmoja alikumbuka alivyocheka kwenye kamati. Akataka kujiuzulu. Tulimwambia abaki. Fundi wa kuchomelea alisema bomba tulilichimba wote na hatuwezi kumtwisha mtu mmoja. Tukakubaliana kwamba maji ya akiba yatafunguliwa mvua zikiwapo na kufungwa madimbwi yakianza kukauka, na kwamba kabla ya hapo tutaondoa seng'enge zote zilizokatiza njia ya mtoni. Nyingine zilikuwa za watu wakubwa, ilituchukua muda na maneno mengi. Lakini tuliziondoa, na waya wake tukaukunja tukaurundika nyuma ya karakana ya fundi.

Kiangazi kilipoingia, Mama Bucha aliomba koki aifunge yeye. Tulikwenda naye wachache. Aliizungusha mpaka ikagoma, tukayamwaga maji yaliyobaki birikani, akarudi kwenye pikapu, akaisogeza mbali, tukangoja.

Walikuja jioni, pofu na kongoni waliosalia, kundi dogo ukikumbuka walivyokuwa. Wakainamisha vichwa ndani ya birika, wakainua, wakainamisha tena. Walisimama. Kesho yake tulirudi tukawakuta wamesimama. Pofu mmoja alikuwa analamba saruji. Mama Bucha alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ijapokuwa gari lilikuwa limezimwa, na tulijua kwamba kama kuna mtu angetamka neno, angeshuka akafungue. Hakuna aliyetamka.

Siku iliyofuata hawakuwepo. Nyayo zilielekea mtoni, kupitia mapengo tuliyoyafungua. Tulizifuata na gari. Njiani tulikuta ndama wa kongoni ameanguka, na mbele kidogo pofu mzee. Waliobaki tuliwaona kwa mbali mchana, wako ukingoni, wanakunywa.

Sasa nyasi za akiba zinarudi, ingawa si zote. Kuzunguka mabirika kuna mahali ambapo mpaka leo pameota miiba tu. Wanyama nao wanarudi kila mvua, wachache kuliko zamani, na wanaondoka wenyewe tukifunga.

Siku ile tuliyotoka mtoni, Mama Bucha alimpigia wifi yake simu kutoka buchani, akiwa amekaa kwenye benchi la wateja. Alimwambia wameondoka, wamefika. Redio aliuliza kama ni wote. Mama Bucha akamtajia walioanguka. Kisha Redio akauliza kama kaburi la mumewe limeng'olewa magugu, maana mvua zilizopita zilikuwa kubwa.

Mama Bucha alisema ndiyo, aling'oa mwenyewe.

"Ahsante, wifi," Redio alisema, wakaagana.